Somo la Lazima, Mwalimu wa Hiari

Mkutano wa wazazi ulikuwa umefika kwenye "mengineyo", na yeyote aliyewahi kuketi katika mkutano wa wazazi anajua kwamba hapo ndipo mkutano wenyewe huanza. Ilikuwa Jumamosi ya Februari 2025, katika shule moja ya umma isiyo mbali na Kihoto, mtaa ulio chini ya mji wa Naivasha, pale ardhi inapoteremkia ziwani. Nilikuwa nimemsindikiza dada yangu, ambaye mwanawe anasoma hapo. Februari ni mwezi mbaya kwa mikutano pande hizo. Ulaya inadai maua ya Valentine, mashamba yanataka kila mkono, na wazazi wengi hufika wamechelewa, wengine moja kwa moja kutoka zamu.

Mama aliyesimama alikuwa bado amevaa gambuti.

"Mwalimu, samahani. Wangu yuko Gredi ya Nane. Tangu mfungue shule, pritek hajafundishwa hata siku moja. Shida ni nini?"

"Mzazi, hilo somo bado hatujapata mwalimu wake. Tumeandika barua. Tunangoja."

"Sawa. Lakini rula ya T na ubao wa kuchorea nilitumiwa ujumbe ninunue, na nikanunua. Nilipouliza, nikaambiwa ni somo la lazima."

"Ni la lazima, mzazi. Hakuna kuchagua hapo."

"Basi mimi nauliza tu. Hiyo lazima ni yangu na mtoto, ama hata nyinyi mko ndani?"

Watu walicheka. Mwalimu mkuu naye alicheka kidogo, akatazama saa, akamwomba mzee mmoja wa kanisa afunge kwa maombi.

Simlaumu mwalimu mkuu. Tangu Januari 2023 shule yake ya msingi imebebeshwa madarasa ya sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9, ambayo haikujengewa. Maabara hana. Walimu kadhaa wa madarasa hayo ni wanagenzi, maintani kama wanavyoitwa, wanaolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Angemjibu nini yule mama? Lakini swali lenyewe nimetoka nalo, na limekataa kunitoka. Jina la mtaa ule linanikumbusha neno la Kikuyu, kihooto, yaani hoja, haki, neno lenye kushawishi kwa sababu ni la kweli. Wakikuyu husema kihooto huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Siku ile upinde haukuvunjika. Ulilegea kidogo, kisha tukafumba macho tukaombewa safari njema.

Nilipofika nyumbani nilifungua Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, nikitafuta jibu alilonyimwa. Kifungu cha 30 kinamwagiza kila mzazi kuhakikisha mtoto wake anahudhuria shule bila kukosa. Akishindwa, ni kosa, na adhabu yake imeandikwa kwa tarakimu: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 39 kinageukia upande wa pili. Kinaorodhesha wajibu wa Serikali: kutoa elimu ya bure na ya lazima, kuweka walimu wa kutosha, majengo, vifaa na fedha zinazofaa. Orodha ni nzuri, imeandikwa kwa lugha safi. Nimeisoma mara tatu nikitafuta faini. Sikuiona.

Hapo ndipo ulipo ubishi wangu wote, na afadhali niuseme mapema ili asiyetaka kuendelea ageukie kurasa za michezo. Nchini Kenya neno "lazima", likitamkwa kuhusu somo, humfunga mtoto na mzazi wake. Aliyelitamka hubaki huru.

Masomo yenyewe, hata hivyo, huyapati ndani ya Sheria hiyo. Bunge halikuketi likapiga kura kwamba mtoto wa Naivasha asome Kilimo. Kazi ya kupanga mtaala imepewa KICD, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, yenye sheria yake ya mwaka huo huo wa 2013, na Wizara huja kutangaza. Kwa hiyo "lazima" inayomfikia mwalimu mkuu huja kwa waraka, na waraka hubadilika. Mtaala wa umilisi ulipoanza kote nchini mwaka 2019, na hatimaye ukafika sekondari msingi, watoto walipangiwa masomo 14. Kisha likaja jopo la Profesa Raphael Munavu, lililoteuliwa na Rais mwaka 2022, na masomo 14 yakapunguzwa kuwa 9: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, Sayansi Unganishi, Elimu ya Jamii, Elimu ya Dini, Kilimo na Lishe, Sanaa Bunifu na Michezo, na hiyo pritek, ambayo kwa jina lake la heshima ni Mafunzo ya Awali ya Kiufundi.

Tulishangilia kupunguzwa kule. Tulipaswa kutazama kapu lenyewe. Pritek ya leo imemeza somo la kompyuta na somo la biashara. Mwalimu wake anatakiwa ajue kuchora umbo la kifaa kutoka pande tatu, ajue kompyuta, na ajue namna ya kuandaa bajeti ya duka. Mtu wa namna hiyo kama yuko Naivasha, shamba la maua lilishamwajiri kitambo. Masomo yalipungua kwenye ratiba, kazi haikupungua darasani.

Wenzetu wa California walituonyesha jambo moja mwaka 2021, nami nalitaja si kwa sababu Marekani ina mambo mazuri bali kwa sababu ya kifungu kimoja tu. Huko kila jimbo hutunga sheria zake za elimu, na mabunge ya majimbo hupenda kuandika masomo ndani ya sheria. Illinois, kwa mfano, mwaka 1990 ilikuwa ya kwanza kuzilazimisha shule za umma kufundisha historia ya mauaji ya halaiki ya Wayahudi. California nayo ilipitisha sheria kwamba kila mwanafunzi wa sekondari asome historia na tamaduni za jamii zilizobaguliwa nchini humo. Lakini ndani ya sheria hiyo waliweka sharti: ulazima utaanza kufanya kazi pale tu fedha zitakapotengwa. Bajeti ya 2025 ikaja bila fedha hizo, na ulazima ukalala. Wapo waliokasirika, na wana haki. Mimi nilivutiwa na unyofu wake. Sheria ilikiri hadharani kwamba hakuna pesa, kwa hiyo hakuna lazima. Kwetu pesa hukosekana, na lazima huendelea kutembea peke yake barabarani, imevaa suti.

Na si kwamba tunabahatisha kuhusu pesa. Mgao wa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka umewekwa shilingi 22,244. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge wazi kwamba Serikali haiwezi kuutoa wote, na kwamba bajeti ingefika kama shilingi 16,900 hivi. Ni nadra kumsikia waziri akisema kweli kavu namna hiyo. Ila hakuna aliyesimama baada yake kueleza ni somo gani kati ya yale ya lazima litakalofundishwa kwa robo tatu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa somo ambalo wewe na mimi tunalitumia wakati huu.

Tume ya Ominde ya mwaka 1964, ya kwanza baada ya uhuru, ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Mwaka 1976 ripoti ya Gachathi ikasema tena. Miaka zaidi ya ishirini ilipita baina ya Ominde na siku ambayo mtoto wa darasa la mwisho aliketi kufanya mtihani wa Kiswahili. Katika CPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, kulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati na ile ya mchanganyiko. Kiswahili hakikuwamo, na kwa kuwa hakikuwamo, kipindi chake kwenye ratiba kilikuwa mali ya yeyote aliyekihitaji, hasa mwalimu wa Hisabati. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, Kiswahili kikatahiniwa katika KCPE ya kwanza, mrithi wa CPE, na sekondari ikafuata hadi mtihani wake wa mwisho, KCSE ya kwanza ya 1989. Ghafla shule zikatafuta walimu. Vyuo vikawafunza. Wachapishaji wakachapisha. Kizazi kizima cha waandishi wa riwaya, watangazaji na walimu wa Kiswahili nchini kinadaiwa na mtihani ule.

Msomaji makini ameshaniona nilipojikwaa. Kama nasema somo lisitangazwe la lazima mpaka mwalimu na pesa vipatikane, basi Kiswahili kingekuwa bado kinangoja mlangoni. Kweli. Nami ndiye wa mwisho kutaka kingengoja. Lakini tazama kilichokuwapo tayari mwaka 1985. Walimu waliokijua Kiswahili walikuwa wengi, hata kama vyeti vyao vilisema mambo mengine. Vitabu vya kuanzia vilikuwapo, Tanzania ikiwa jirani. Na darasa la Kiswahili halihitaji zaidi ya ubao, chaki na mtu anayependa lugha. Lazima ya mtihani ilivuta kitu kilichokuwa kimelala karibu. Huwezi kuivuta maabara kwa mtihani. Uganda wanalijua hilo sasa hivi: Julai 2022 baraza lao la mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima msingi na sekondari, na tangu hapo hoja kubwa imekuwa ile ile, nani atakifundisha.

Nao ulazima wetu wa Kiswahili ulikuwa na kichekesho chake. Sisi tuliosoma 8-4-4 vijijini Nakuru tulikuwa na diski, kipande cha mbao kilichofungwa kamba, alichovishwa shingoni mtoto aliyekamatwa akizungumza lugha ya mama, na siku nyingi hata aliyekamatwa akizungumza Kiswahili. Saa nne ulikuwa darasani ukifundishwa ngeli kwa lazima, saa nne na nusu, mapumzikoni, unachapwa kwa kuzitumia. Hakuna aliyeona ajabu.

8-4-4 ile ile ndiyo inayonifanya niwe na wasiwasi na pritek. Ilikuja na Sanaa na Ufundi, Muziki, Sayansi Kimu, Biashara, Kilimo. Mtoto amalize darasa la nane akiwa na mikono inayojua kazi. Nia haikuwa mbaya hata kidogo. Wazazi walichanga, karakana zikajengwa kwa harambee, nyingine zikafika kwenye linta zikaishia hapo. Nakumbuka mwaka wangu wa mtihani kila mtoto alitakiwa kuwasilisha kazi ya mikono. Kikapu changu kilisukwa na jirani yetu kwa debe la mahindi. Nilipata alama nzuri sana. Kufikia 2001 masomo yale ya mikono yalikuwa yameondolewa kwenye KCPE, karatasi zikabaki tano, na kufikia mwaka uliofuata karakana nyingi zilikuwa stoo za madawati mabovu.

Nenda sasa kwenye saiba yoyote ya Kihoto Jumapili jioni. Utawakuta wazazi kwenye foleni, wakiwa na simu zenye ujumbe wa mwalimu, wanachapisha picha za wanyama, wananunua manila, wanauliza kama kuna mtu anayetengeneza vinyago vya udongo kwa bei nafuu. Majina yamebadilika, kikapu ni kile kile.

Yapo pia masomo ya lazima yasiyotahiniwa, na haya ndiyo yatima kabisa. Stadi za Maisha liliingizwa shuleni mwaka 2008, kipindi kimoja kwa wiki, ili kijana afundishwe kukataa shinikizo, kufanya uamuzi, kuishi na hisia zake. Muulize yeyote aliyesoma wakati huo kipindi kile kilifundishwa nini. Atakwambia: hesabu. Elimu ya Viungo imekuwa kwenye ratiba tangu babu zetu, na kila shule ilikuwa na mwalimu aliyekuambia kwa fahari kwamba Darasa la Nane halina muda wa kukimbia-kimbia. Naam, ulazima wa Wizara ukigongana na ulazima wa mtihani, hakuna mtu anayehitaji kuuliza ni upi utapita.

Na hapa lazima niitaje Hisabati, kwa maana mwaka 2025 ilitupa tamthilia ya bure. Mwezi Machi wazazi waligundua kwamba katika sekondari pevu, Gredi ya 10 hadi 12, Hisabati haikuwa kati ya masomo ya lazima. Ya lazima yalikuwa Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Elimu ya Viungo, na Huduma kwa Jamii. Kelele zilizofuata zilisikika hadi Turkana. Maprofesa waliandika, wahandisi waliandika, na watu ambao hawajawahi kutafuta thamani ya x tangu waondoke shule walilia zaidi ya wote. Aprili ya mwaka huo huo, Waziri wa Elimu, Julius Migos Ogamba, akatangaza kwamba Hisabati imerudi kuwa ya lazima kwa wote: Hisabati kamili kwa walio katika mkondo wa sayansi na teknolojia, na Hisabati nyepesi kwa walio katika sayansi za jamii na katika sanaa na michezo. Mwishowe orodha ya lazima ikawa lugha mbili hizo, Hisabati, na Huduma kwa Jamii, juu yake mwanafunzi akichagua masomo matatu.

Mimi naiunga mkono Hisabati. Mtoto wa Kihoto atakayekopa pesa kwenye simu anahitaji kujua riba ni nini kabla haijamjua yeye. Ila nilifuatilia mjadala ule wote, magazetini na redioni, nikingoja mtu mmoja aulize: hizo Hisabati mbili zitafundishwa na nani katika shule yenye mwalimu mmoja wa Hisabati? Tulipigania neno. Neno tukalipata. Tukaenda nyumbani.

Kwa Kiswahili nako kuna jambo lililopita kimya. Tangu KCSE ya 2023, alama ya jumla ya mtahiniwa huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja aliyofanya vyema zaidi, na masomo mengine matano bora. Kiswahili bado ni cha lazima. Lakini aliyepata Kiingereza kizuri anaweza kufanya Kiswahili vibaya na alama hiyo isidhurike. Walimu wangu wa zamani wanaelewa maana yake kuliko anavyoelewa yeyote wizarani.

Nimeacha kwa makusudi lile la nne, Huduma kwa Jamii, maana ndilo lililonirudisha Kihoto.

Kwenye karatasi, hili ndilo somo bora kuliko yote tuliyowahi kubuni. Mwanafunzi achague tatizo la mahali anapoishi, alichunguze, azungumze na watu, apime, apendekeze, afanye. Halihitaji maabara. Linahitaji mwalimu mwenye muda na udadisi, na shule iliyo tayari kufungua lango. Na kama kuna mahali nchini ambapo somo hili lingekuwa limeandikiwa makusudi, ni pale.

Kila mtoto wa Kenya anakariri kwamba maziwa ya Bonde la Ufa ni ya chumvi isipokuwa Naivasha na Baringo. Swali hilo limekuja kwenye mitihani hadi limechakaa. Anayekariri haambiwi kwa nini, kwamba Naivasha inapokea Malewa na Gilgil, haina mto unaotoka, na maji yake hutorokea chini ya ardhi yakiondoka na chumvi. Wala haambiwi kwamba ziwa hili halina ukingo mmoja. Miaka ya 1940 lilinywea sana. Mwaka 2009, wakati wa ukame, likanywea tena kiasi cha watu kutembea mahali baba zao walipovulia samaki. Kisha, kuanzia miaka iliyofuata, likaanza kurudi, na mwaka 2020 likafika milangoni. Mwaka 2024 likarudi tena. Mwishoni mwa Oktoba 2025 likaingia Kihoto kwa namna ambayo maelfu walihama, wengine kwa boti, viboko wakilisha mahali palipokuwa na vibanda vya mboga.

Wakoloni walilijua hilo. Mwaka 1933 wenye mashamba ya kando ya ziwa waliandikiana na serikali ya kikoloni makubaliano: mpaka ni mstari wa futi 6,210 juu ya usawa wa bahari, na ardhi iliyo chini ya mstari huo, hata ikikauka vipi, mtu anaweza kulima lakini asijenge jengo la kudumu. Karatasi hiyo ina zaidi ya miaka 90. Ni Jiografia, ni Historia, ni Hisabati, ni uraia. Watu waliokuja Naivasha kutafuta kazi ya maua kutoka Kisii, Busia, Nyandarua, Turkana na kwingineko, wakanunua ploti kwa pesa walizozihenyea, hawakuisoma popote. Watoto wao nao wanaendelea kukariri kwamba ni ziwa la maji matamu.

Sitaki kudai kwamba somo moja lingezuia mafuriko. Ploti ziliuzwa na watu wazima waliojua walichokuwa wakiuza, na waliotakiwa kuwazuia walikuwa na mihuri. Lakini fikiria darasa la watoto arobaini waliopewa muhula mmoja waulize wazee ufuo ulikuwa wapi mwaka 1998, wapime kwa kamba, wachore, wabandike ramani yao kwenye ukuta wa soko. Ramani hiyo ingemchelewesha hata mnunuzi mmoja.

Mwaka 2025 zaidi ya watoto milioni 1.1 walifanya mtihani wa mwisho wa sekondari msingi, na Januari 2026 wakawa wa kwanza kuingia Gredi ya 10, ambako Huduma kwa Jamii ni lazima kwa kila mmoja. Wiki zilizofuata nilizungumza na walimu wanne wa shule nne tofauti za eneo hilo. Watatu waliniambia kipindi hicho kwa sasa kinatumika kufagia uwanja. Wa nne alisema wanakusanya takataka mtoni, na picha zinapigwa. Si haba. Lakini kufagia uwanja tulikuwa tukifanya bila mtaala.

Kwa hiyo naomba jambo moja, tena dogo. Waraka wowote unaotangaza somo kuwa la lazima uje na ukurasa wa pili, wenye majina ya shule za kaunti ndogo na idadi ya walimu wa somo hilo katika kila moja, na ukurasa huo ubandikwe langoni mwa shule pamoja na orodha ya vitu vya kununua. Pale penye sifuri, iandikwe sifuri. Mzazi asome mwenyewe, kisha aamue kama rula ya T anainunua muhula huu au ujao. Na mbunge wa eneo hilo, akija kwenye mkutano, aanze kwa kuisoma hiyo sifuri kwa sauti. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hilo, wala jopo.

Nilikuwa nimerudi Kihoto na dada yangu wiki ya kwanza ya Novemba 2025, alipokuwa akiwasaidia watu wa kikundi chake cha chama kuhamisha vitu. Mama wa gambuti ni mmoja wao. Nilimtambua kwa sauti. Maji yalikuwa yamefika magotini nje ya chumba chake na ndani yameanza kuotesha ukungu chini ya kitanda. Tulitoa godoro, jiko la gesi, sufuria, sanduku la nguo. Mwanawe, yule wa Gredi ya Nane, alikuwa amesimama mlangoni na ile rula ya T, akaiegemeza kwenye fremu, akachora mstari kwa kalamu. Chini yake kulikuwa na mistari mingine, tisa au kumi, kila mmoja na tarehe yake pembeni, imepangwa kama ngazi. Kati ya Jumatatu na Alhamisi ya wiki ile kulikuwa na nafasi ya vidole vinne.

"Nani alikuonyesha kufanya hivyo?" nilimuuliza.

"Hakuna. Nilitaka tu kuona."

Mama yake alikuwa anafunga godoro kwa kamba ya manila juu ya mkokoteni. Alimuuliza dada yangu kama shule ya kule Karagita, wanakohamia, ina mwalimu wa pritek, au anunue tu vitu vya Gredi ya Tisa angoje. Dada yangu alisema ataulizia.